Miji ya Dadi Mfunga Mitumba

Dadi bin Kombo alikuwa na miji thelathini na minne, na nyumba moja ya udongo yenye paa la makuti lililovuja upande wa jikoni. Miji hiyo hakuinunua wala hakuirithi. Aliipata kwa maswali, mmoja mmoja, akiwa amekalia mtumba wa kitambaa cha merikani katika banda la kufungia mizigo pale Bagamoyo, na kila aliyempa mji alirudi kwake jioni akala chakula chake bila kujihisi amepungukiwa na kitu.

Mchezo wenyewe kila mtu wa pwani anaujua. Unategewa kitendawili, ukishindwa unaambiwa utoe mji, na mtegaji akiridhika na mji uliompa ndipo anapokutolea jibu. Asiporidhika anaukataa, nawe unatafuta mwingine. Mtoto wa miaka sita ameshagawa Mombasa mara ishirini kabla hajajua iko upande gani. Ila Dadi alikuwa na ubishi wake. Vitendawili vya mayai na mananasi aliviona vya kulazia watoto. Yeye aliuliza mambo yaliyopo, yaliyohesabiwa au kukanyagwa na mtu. Samaki gani mkubwa asiye na hata mfupa mmoja? Papa. Nani anaruka angani na kunyonyesha? Popo. Kaa ana miguu mingapi ukihesabu na magando yake? Kumi. Mwaka una siku ngapi? Hapo aliwapata wengi, maana aliyejibu mia tatu hamsini na nne aliambiwa huo ni mwaka wa mwezi tu, na aliyejibu mia tatu sitini na tano aliambiwa huo ni wa Nairuzi, mwaka wa jua wa wakulima na manahodha, na hakuna aliyefungia Ramadhani kwa Nairuzi. Wote wawili wakatoa mji. Kama hiyo ni haki, basi na haki ina mambo yake. Wenzake walinung'unika, na kesho yake wakarudi kuulizwa tena.

Kazi yao ilikuwa kufunga mitumba ya nguo za kwenda bara. Nguo hukunjwa, hupangwa, hubanwa kwa kamba za makumbi ya nazi, kisha watu wawili huupiga mtumba kwa magongo mpaka unakuwa mgumu kama gogo, ili mpagazi auchukue begani miezi mitatu hadi Tabora bila kufumuka. Ni kazi ya kuchosha mikono na kuacha kichwa bila la kufanya. Kichwa cha Dadi hakikukubali kukaa bure. Wapagazi waliokuja kungoja mizigo yao aliwachimba: ziwa la Ujiji lina urefu gani, maji yake matamu au ya chumvi, ni mto upi unavukwa mara nyingi njiani. Walivyomjibu aliweka kichwani, na msimu wa mvua uliofuata aliwauliza wenzake. Yeye mwenyewe alizaliwa Kaole, mwendo wa saa moja hivi kutoka pale bandani. Upande wa kusini alikuwa amefika Mapinga, kwenye msiba. Upande wa kaskazini aliishia mtoni Kingani, akautazama mto, akarudi. Tabora ilikuwa yake, Ujiji ilikuwa yake, na Maskati aliipata kwa swali la popo, lakini hakuna hata mmoja katika miji hiyo aliowahi kuuona.

Banda lile lilikuwa na masharti yake mawili. La kwanza, mji uliotolewa leo, mtoaji ana haki ya kuukomboa siku yoyote, kwa swali la kwake litakalomshinda aliyepewa. Asipojali kuukomboa, umekwenda. Wengi hawakujali, ndiyo maana Dadi alikusanya miji mingi namna ile mpaka wakamwita Mwenye Miji. Yeye alijali. Mara moja tu alimpa Mrisho, mwenzake wa gongo, mji wa Kaole, na usingizi ukampaa kwa sababu mama yake amezikwa huko. Alfajiri alimkuta Mrisho msikitini, akamngoja amalize kuvaa viatu, akamuuliza swali, akaukomboa mji papo hapo. Sharti la pili halikuwahi kusemwa kwa mdomo: Bagamoyo haitolewi. Mji mliokaa ndani yake hamuugawi. Nani aliliweka sharti hilo hakuna aliyejua, na hakuna aliyeuliza.

Ilikuwa mwezi wa Shaabani, mvua imeshika, misafara imelala. Akaja bandani Mzungu mmoja kijana, amejikinga na mwavuli, na pamoja naye Tobia. Tobia walimfahamu wote. Alilelewa na mapadri pale misheni, akajifunza useremala, na sasa alikuwa mkalimani kwa kuwa lugha zilimkaa ulimini bila taabu. Mzungu alikuwa na daftari dogo lenye jalada jeusi. Kila alichokiona alikitia humo: jina la kamba, jina la gongo, jina la fundo. Kabla mvua haijakatika walikuwa wameshambatiza Bwana Daftari.

"Shikamoo, Mzee Dadi," Tobia akasema. "Bwana amesikia kwamba hapa kuna watu wa maswali."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie akae, mtumba huu haumtii doa."

Bwana Daftari akakaa, akaulizwa kuhusu papa, akajibu. Akaulizwa kuhusu popo, akajibu. Kwenye siku za mwaka akataja hesabu zote mbili na kuongeza robo ya siku ambayo Dadi hakuwahi kuisikia. Kombo, mfunga kamba, aliyefanana na baba yake Dadi kwa jina tu, mtu mnene asiyeficha furaha yake, akasema leo Mwenye Miji amepata mwenzake. Dadi hakupenda. Akasema sasa zamu ya mgeni.

Mgeni akauliza, nusu kwa Kiswahili chake cha kukwaruza, nusu kwa kinywa cha Tobia. "Kuna nchi, ina watu, ina nyumba, ina ng'ombe. Inafika wakati jua halitui. Linazunguka mbinguni, siku nyingi, usiku hakuna. Nchi hiyo iko upande gani?"

Dadi alifikiri kwa bidii kuliko alivyowahi kufikiri. Jua linakwenda magharibi. Kama kuna mahali halitui, basi ni kule linakokwenda, maana likishafika kwake litakwenda wapi tena? Akasema, "Magharibi."

"Hapana. Nipe mji," akasema Bwana Daftari. Maneno hayo aliyatamka vizuri kabisa, Tobia alikwisha kumfundisha.

Dadi akampa Saadani. Bwana Daftari akatikisa kichwa, hajafika. Akampa Tabora, hajafika. Dadi akamuuliza kwani amefika wapi. Unguja na hapa, akasema. Akampa Unguja, na mgeni akacheka akasema Unguja ina mwenyewe, watu wakacheka naye. Mvua ilikuwa inapiga, watu wamechangamka, na Dadi alikuwa anaona haya kushindwa mbele yao. Aibu ikimkalia mtu mkono wake huwa mwepesi.

"Basi nakupa Bagamoyo."

Kicheko kikakatika kidogo, kisha kikarudi. Bwana Daftari akafurahi, akafungua daftari, akaandika, akauliza jina kamili la aliyetoa, akaandika na hilo. Ndipo akasema kama ipasavyo: alikwenda Bagamoyo, akala, akanywa, akapumzika, na nchi ile iko kaskazini, mbali sana. Akawashukuru, akafungua mwavuli wake. Kesho yake Dadi alipokuja na swali la kukombolea, aliambiwa mgeni amevuka kwenda Unguja.

Ramadhani nzima Dadi alisumbuliwa na jua lile la kaskazini. Alikwenda kwa mwalimu wa chuo cha Kurani kumuuliza mtu wa nchi ile atafuturu lini. Mwalimu akamwambia atafuata saa za nchi ya jirani yenye usiku. Dadi akauliza jirani huyo ni nani, na mwalimu akamwambia aende akafunge yake. Mji wenyewe alikuwa karibu ameusahau.

Ikafika Mfunguo Tatu, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja. Watu wakaambiwa wakusanyike. Wazungu wa kampuni ya Kijerumani walikuwa wamekuja na bendera ya kwao, ikapandishwa, na mtu akasimama akasoma karatasi ndefu, na mwingine akaifasiri. Dadi alikuwa nyuma, hakuyapata yote. Alisikia habari za ushuru, alisikia habari za mashamba yaandikishwe, na alisikia kwamba pwani yote na mji huu umekwisha kutolewa, na kwamba imeandikwa.

Watu walirudi wakiwa hawaelewani. Mmoja alisema Seyyid, mtawala wa Unguja, ndiye aliyetoa. Mwingine akasema Seyyid hawezi kutoa, Seyyid amekodisha. Wa tatu akasema hakuna kutoa wala kukodisha, ni ujeuri tu.

"Hata hivyo," Mrisho akasema wakiwa bandani, anafuta jasho, "karatasi haijiandiki. Mtu ametoa. Siku tukimjua mtu huyo, patakuwa hapatoshi."

Dadi akaliweka gongo chini. Kombo alimtazama, Mrisho naye akamtazama, kisha wote wawili wakageukia kamba zao, na hakuna aliyelitaja jina la Bwana Daftari. Hilo ndilo lililomtisha zaidi. Kama wangelicheka, naye angelicheka.

Sasa mtu atasema Dadi alikuwa mjinga. Hakuwa. Alijua mchezo ni mchezo. Lakini mwaka ule wa nyuma mpagazi mmoja wa upande wa Usagara alikaa pale pale bandani akaeleza jinsi jumbe wa kwao, mkuu wa kijiji, alivyotembelewa na wageni, akapewa joho na kinywaji, wakacheka naye siku nzima, akatia alama kwenye karatasi ili kuwafurahisha, na wageni walipokwisha kuondoka akaambiwa nchi si yake tena. Na jumbe yule alidhani ni nini, kama si mchezo? Dadi alizipanga habari mbili hizo kichwani, akazigeuza huku na huku, asione zinatofautiana wapi. Huku kulikuwa na kicheko, na kule kulikuwa na kicheko. Huku paliandikwa, na kule paliandikwa. Yeye alitaja mpaka jina la baba yake.

Alimweleza mkewe, Mwanajuma, aliyekuwa akichambua mchele.

"Baba Sada," Mwanajuma akasema, "kama mji unakwenda kwa maneno, basi mimi juzi nimempa jirani yetu Fatu Maskati yote, na ilikuwa yako."

"Wewe hukuandikwa."

"Na aliyeandikwa ndiye aliyekuwa na mji?"

Dadi akasema hayo ni mambo ya wanaume, jambo analolisema kila mwanamume aliyeishiwa, na Mwanajuma akaendelea kuchambua mchele wake.

Njia ilikuwa moja. Sharti la banda halina kikomo cha siku: mji hukombolewa kwa swali. Bwana Daftari alikuwa amerudi, ameonekana akiwa pamoja na Tobia kwenye nyumba ya kampuni. Kilichobaki ni kupata swali ambalo mtu yule hataliweza. La samaki analijua. La mwaka analijua mpaka robo yake. Lazima liwe jambo la hapa hapa, la kujulikana kwa miguu. Dadi akaamua: kutoka hapa mpaka Kaole kuna visima vingapi?

Akaenda kuvihesabu. Kwenda, akapata kumi na kimoja. Kurudi, akapata tisa. Akasimama njiani juani, kanzu imemganda mgongoni, akahesabu kwa vidole kisima cha nani na cha nani. Kimoja kilikuwa kimekauka. Je, kilichokauka ni kisima? Kingine kilikuwa ndani ya ua la mtu, alikiona wakati wa kwenda kwa kuwa lango lilikuwa wazi. Akarudi tena kuhakikisha, akapata kumi. Mtoto wa miaka sita akimuuliza sasa hivi, angetoa mji. Njia ile ameipita tangu anabebwa mgongoni, nayo imemshinda kuijua. Akakaa chini pembeni ya shamba la mihogo, na kusema kweli alilia kidogo, halafu akajifuta akatazama kama kuna mtu.

Siku ya pili ya Idi alivaa kanzu yake safi akaenda nyumba ya kampuni bila swali lolote.

Bwana Daftari alikuwa mezani, amezungukwa na karatasi. Alimtambua mara moja, akainuka akampa mkono, akamwambia Tobia alete kiti. Dadi hakukaa.

"Mwambie nimekuja kukomboa mji."

Tobia akafasiri. Bwana Daftari akacheka kwa furaha ya kweli, akavuta mtoto wa meza, akatoa lile daftari jeusi, akalifungua na kumwonyesha. Dadi alisoma herufi za Kiarabu tu. Mistari ile haikumwambia kitu, ila Tobia aliweka kidole akasema hapa ni jina lako, hapa ni Bagamoyo. Dadi akautazama wino ule. Kumbe kweli upo. Hata hapo, ndani kabisa, alikuwa bado anatumaini ataambiwa haukuandikwa.

"Haya, uliza," Bwana Daftari akasema.

Dadi akafungua kinywa ataje visima, na visima vikamkimbia. Likatoka alilokuwa nalo.

"Mji huu, ninyi mlipewa na nani?"

Tobia alichelewa kufasiri. Bwana Daftari akajibu haraka, kwa Kiswahili chake, "Na Seyyid."

"Seyyid aliyefariki, au aliyepo?"

"Aliyepo. Na aliyefariki pia. Mkataba uko Unguja."

"Umeuona?"

"Sijauona mimi. Wakubwa wameuona."

"Na Seyyid alipewa na nani?"

Bwana Daftari akafikiri. Alikuwa kijana muungwana kwa namna yake, hakutaka kutoa jibu la uongo katika mchezo. Alimtazama Tobia, na Tobia akatazama chini. Mwisho akainua mikono. "Sijui."

"Umeshindwa. Nipe mji."

Kijana akacheka tena, akataja mji wa kwao alikozaliwa, jina refu lililoanzia kooni. Alilitaja kwa mapenzi, Dadi aliliona hilo usoni mwake.

"Siutaki. Nipe mwingine."

Akataja mwingine, mkubwa zaidi, penye mfalme wao.

"Siutaki. Nipe Bagamoyo."

Bwana Daftari akalifunga daftari taratibu, akaliweka chini ya kiganja. Akazungumza na Tobia kwa lugha yao, maneno mengi, na Tobia akayafanya machache.

"Anasema Bagamoyo hawezi. Anasema si yake kuitoa. Yeye ni karani tu."

"Mwambie," Dadi akasema, "na mimi haikuwa yangu. Mimi nafunga mitumba tu."

Tobia hakulifasiri hilo. Alimshika Dadi mkono kwa adabu, akamtoa mpaka nje, akamwambia, "Mzee wangu, nenda nyumbani. Hukutoa kitu wewe." Dadi akamuuliza kama si yeye, basi ni nani. Tobia akasema hajui, akarudi ndani.

Mtu angedhani hapo mzigo umemtoka. Haukumtoka, uligeuka tu, na alivyougeuza hakupata pa kuushika. Kama aliutoa, ana hatia. Kama hakuutoa, basi mji umekwenda bila ya mtu kuutoa, na aliyeushika anasema si wake, na aliyekaa ndani yake si wake, na bendera iko juu. Swali la namna hiyo hakuwahi kumuuliza mpagazi yeyote. Yaliyokuja mwezi uliofuata, ya bunduki na watu kukimbilia mashambani, yana wasimuliaji wake, na wengi wao hawakuwapo.

Kazi ilirudi baada ya Idi, ndogo, mitumba michache. Mrisho alimwona mwenzake ameingia bandani hana salamu ndefu, akamhurumia. Akatafuta swali jepesi kuliko yote, la Dadi mwenyewe, la kumchangamsha.

"Mwenye Miji, nikuulize?"

"Uliza."

"Kaa ana miguu mingapi, na magando yake?"

Dadi aliitazama mikono yake juu ya kamba. Kombo alikuwa ameshaanza kutabasamu, anangoja kusikia kumi. Dadi akakaza fundo.

"Umeshindwa?" Mrisho akasema, akicheka. "Haya, nipe mji."

"Sina," Dadi akasema.

Mrisho alingoja kidogo, akidhani inafuata mzaha. Kisha Mrisho akachukua gongo lake, Dadi akachukua lake, wakauanza mtumba. Jibu la kaa halikutolewa siku ile, kwa sababu hakuna pale bandani aliyejua mchezo unaendeleaje kwa mtu asiye na mji.